Samaki wa Makundi katika Tangi la Maji ya Chumvi

Samaki wengi wa miamba ya matumbawe huonekana baharini wakiwa katika makundi, lakini ni wachache kati yao wanaoendelea kuishi hivyo wakishafungiwa ndani ya kuta nne za kioo. Mfugaji anayenunua samaki kumi kwa kutarajia kundi la kupendeza huweza, baada ya miezi michache, kubaki na samaki mmoja au wawili walionenepa, wengine wakiwa wamekufa mmoja baada ya mwingine kwa njaa, majeraha au maradhi yaliyowapata walipokuwa wamedhoofika. Lawama hutupiwa maji, na mara nyingine maji huwa na hatia kweli. Hata hivyo, chanzo cha kawaida zaidi ni uchaguzi uliofanywa dukani. Kundi la samaki hutokana na adui, chakula, uzazi na nafasi, na mambo hayo yakibadilika kundi nalo hubadilika au huvunjika. Kwa sababu hiyo, kujua kwamba aina fulani hutembea kwa makundi baharini hakutoshi. Ni lazima kujua kinachowakusanya, na kama kitu hicho kitakuwepo sebuleni.

Wataalamu wa tabia za samaki, kwa kufuata maelezo yaliyowekwa wazi na Tony Pitcher mwaka 1983, hutenganisha hali mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Hali ya kwanza ni ya samaki wanaokaa karibu karibu kwa kupenda kuwa pamoja, kila mmoja akielekea anakotaka na kula kwa wakati wake. Hali hiyo itaitwa hapa mkusanyiko. Hali ya pili ni ya samaki wanaoogelea kwa mwendo mmoja na mwelekeo mmoja, wakigeuka kwa pamoja. Hiyo itaitwa msafara. Msafara huendeshwa kwa macho na pia kwa mstari wa ubavuni, yaani safu ya viungo vidogo vya hisia vinavyopita kila upande wa mwili na kutambua msukumo wa maji unaosababishwa na jirani anayesogea. Uwezo wa mstari huo ulidhihirika katika jaribio lililochapishwa mwaka 1976, ambalo samaki wa Atlantiki ya Kaskazini waliozibwa macho kwa muda waliweza kubaki katika msafara pamoja na wenzao wanaoona.

Faida kuu ya msafara ni kinga. Mwanabiolojia W. D. Hamilton alieleza mwaka 1971 kwamba mnyama anayejisogeza katikati ya wenzake hupunguza uwezekano wa yeye mwenyewe kukamatwa, na kwamba kundi lililoshikamana huweza kujengwa na wabinafsi watupu, bila hata mmoja kuwa na nia ya kumsaidia mwingine. Kwa upande wa mwindaji, miili mingi inayofanana na kung'aa kwa pamoja humfanya ashindwe kumlenga mmoja. Ndiyo maana dagaa, wanaoishi katika maji ya wazi yasiyo na pa kujificha, hushikamana namna hiyo maisha yao yote. Ndani ya tangi hakuna anayewinda, chakula huletwa na mkono uleule kila siku, na samaki hutambua mabadiliko hayo haraka kuliko mfugaji anavyodhani: wiki za kwanza huogelea kwa msafara kwa sababu wana hofu, kisha msafara hulegea ukawa mkusanyiko, na mkusanyiko usipokuwa na sababu nyingine ya kuwepo hugeuka uwanja wa ugomvi. Wapo wanaoshauri kuweka samaki mkubwa wa kutisha ili wadogo waendelee kushikamana. Ushauri huo unafanya kazi kwa macho ya mtazamaji tu, kwa kuwa hofu ya kudumu huinua homoni ya kotisoli mwilini mwa samaki, na homoni hiyo ikikaa juu kwa muda mrefu kinga dhidi ya magonjwa hushuka.

Samaki anayeonyesha jambo hili vizuri kuliko wote ni kromisi wa kijani, Chromis viridis, ambaye rangi yake hubadilika kati ya kijani na samawati kulingana na mwanga. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu hadi katikati ya Pasifiki, hukua kufikia sentimita 8 hivi, na amekuwa miongoni mwa samaki wa baharini wanaouzwa kwa wingi zaidi katika biashara ya mapambo duniani. Bei yake ni ya chini na sifa yake ya upole imeenea, hivyo karibu kila anayeanza hushauriwa kununua kundi lake. Baharini, kromisi hukaa juu ya matumbawe yenye matawi, wakidaka planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyochukuliwa na mkondo, na tishio likitokea wote huzama kwa pamoja katikati ya matawi. Matumbawe hayo ndiyo nyumba, na nyumba ina ngazi ya ukubwa wa kijamii: mkubwa humfukuza wa pili, wa pili humfukuza wa tatu, na kuendelea hadi wa mwisho. Katika mwamba wenye nafasi, anayefukuzwa husogea upande wa pili wa tumbawe au huhamia tumbawe la jirani, na ugomvi huishia hapo.

Tangini hakuna tumbawe la jirani. Wa mwisho katika ngazi hufukuzwa hadi kwenye kona, hukosa chakula kwa kuogopa kutoka, rangi yake hufifia, na siku moja haonekani. Baada ya yeye kufa, aliyekuwa juu yake ndiye huwa wa mwisho, na mambo hujirudia. Kundi la wanane huwa sita, kisha wanne, kisha wawili, na mara nyingi mfugaji haoni hata pambano moja la wazi, kwani mashambulizi ya kromisi ni ya kasi na mafupi. Juu ya hayo, kromisi hushambuliwa sana na Uronema, kiumbe wa seli moja mwenye vijinywele vya kuogelea, ambaye husababisha vidonda vyekundu ubavuni na huweza kumuua samaki katika siku chache. Kiumbe huyo huweza kuishi akila bakteria na uchafu bila kumhitaji samaki, na humwingia hasa yule aliyechoshwa na safari au aliyeonewa. Kifo cha ugonjwa na kifo cha ugomvi, kwa hiyo, mara nyingi ni kifo kimoja chenye hatua mbili.

Je, kromisi waachwe? Hapana, ila wafugwe kwa masharti. Idadi ndogo ndiyo yenye hatari zaidi: katika kundi la watatu, mkubwa ana wenzake wawili tu wa kumalizia hasira, ilhali katika kundi la kumi na wawili mashambulizi hutawanyika na hakuna anayebeba yote. Idadi hiyo nayo inadai tangi refu, kwa kuwa samaki hawa huogelea kwa mlalo, na urefu wa tangi huwafaa kuliko kina chake. Tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, ambalo ujazo wake ni lita 540 kabla ya kuweka mawe, ni mahali pa kuanzia penye busara. Lita 100 hazitoshi hata kama muuzaji atasema zinatosha. Mawe yapangwe kwa mafungu mawili au matatu yaliyoachana, yenye mianya mingi, ili anayefukuzwa aweze kutoweka machoni pa anayemfukuza. Ushauri maarufu wa kununua idadi isiyogawanyika kwa mbili unampendeza zaidi mpanga maua kuliko samaki.

Anthia wa mkia wa panda, Pseudanthias squamipinnis, hukusanywa na jambo tofauti kabisa, nalo ni uzazi. Samaki huyu ni wa Bahari ya Shamu na mwambao wote wa Afrika Mashariki, na mzamiaji yeyote wa Mafia, Pemba au Watamu amemwona akielea kwa mamia juu ya kingo za miamba: majike ya rangi ya chungwa na madume machache ya zambarau yenye mwiba mmoja mrefu mgongoni. Kila anthia huzaliwa akiwa na uwezo wa kuwa jike kwanza na dume baadaye. Lev Fishelson alionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 1970 kwamba kuwepo kwa dume ndiko kunakowazuia majike wasibadilike. Dume akiondolewa, jike mmoja hugeuka dume katika muda wa wiki chache, rangi na tabia vikibadilika pamoja na viungo vya uzazi.

Jambo hilo humpa mfugaji kanuni iliyo wazi, ambayo kromisi hawana. Kundi la anthia linalodumu ni dume mmoja na majike kadhaa, angalau watano, wote wakiwa wadogo kwa umri isipokuwa huyo dume. Anayeweka madume wawili katika tangi la nyumbani ananunua vita. Anayeweka majike pekee hapotezi kitu, kwani mmoja wao atapanda cheo mwenyewe. Na anayeweka jike mmoja peke yake atajikuta baadaye na dume. Taabu ya anthia iko kwenye chakula. Samaki anayekula planktoni mchana kutwa, akidaka chembe moja moja kutoka kwenye mkondo, ana tumbo dogo na hana akiba kubwa ya mafuta, hivyo mlo mmoja kwa siku humkondesha hata kama mlo huo ni mwingi. Wanahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku, kwa vipande vidogo vya uduvi na viumbe wengine wa aina hiyo waliogandishwa. Chakula kingi huleta uchafu mwingi, na uchafu hudai mtambo wa povu wenye nguvu, yaani chombo kinachosukuma viputo vya hewa ndani ya maji ili mabaki ya chakula na kinyesi yagande kwenye povu na kutolewa nje kabla hayajaoza. Mtu anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, asiye na wa kumsaidia wala kifaa cha kulisha, asiwachague anthia hata kama tangi lake ni kubwa.

Kwa tangi dogo au kwa mtu mwenye shughuli nyingi, jamii ya kadinali inafaa zaidi. Hawa ni samaki wa usiku, ambao mchana hukusanyika wakiwa wametulia kwenye kivuli na giza likiingia hutawanyika kutafuta chakula. Mkusanyiko wao ni wa kupumzika, na kwa kuwa mapumziko huhitajika tangini kama baharini, desturi hiyo haipotei. Sphaeramia nematoptera, mwenye macho mekundu na madoadoa kwenye nusu ya nyuma ya mwili, ni wa magharibi mwa Pasifiki. Ndugu yake Sphaeramia orbicularis hufika hadi Afrika Mashariki, akikaa kwenye maji tulivu ya mikoko na chini ya magati. Watano au sita wa aina ya kwanza huishi kwa amani katika lita 250. Wanaodai samaki wa kusisimua huwaona wavivu, na kwa kweli hawafanyi mengi mchana. Lakini hilo ndilo linalowafanya wadumu.

Si kadinali wote walio hivyo. Kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1933 kisha akasahaulika hadi Gerald Allen alipompata tena mwaka 1994, ni wa visiwa vichache karibu na Sulawesi nchini Indonesia. Vijana wake hukaa kwa makundi katikati ya viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na dukani, wakiwa na ukubwa wa sarafu, huonekana kama samaki wa kundi wasio na kasoro. Wakikomaa, dume na jike huungana, na wawili hao huwashambulia wengine wote hadi kuwamaliza. Dume hubeba mayai kinywani na kuyatunza hadi watoto waanguliwe, na kwa kuwa watoto hao hawachukuliwi na mikondo kama wa samaki wengine wa miamba, aina hii haisambai mbali na uvunaji wake huiathiri haraka. Mwaka 2007 iliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Jambo la faraja ni kwamba huzaa kwa urahisi kifungoni. Anayemtaka amtafute aliyezalishwa, na anunue jozi, asinunue kundi.

Makundi ya ujanani ni mtego unaorudiwa katika aina nyingi. Plotosus lineatus, samaki wa jamii ya kambale aishiye baharini mwenye milia myeupe, akiwa mdogo husafiri kwa mkusanyiko mzito unaobingirika juu ya mchanga kama mpira, na hakuna kinachovutia zaidi katika duka la samaki. Kisha hukua kufikia sentimita 30, mpira huvunjika, na mfugaji hubaki na samaki wakubwa wenye miiba ya sumu inayoweza kumjeruhi vibaya anayetia mkono ili kusafisha kioo. Daskilo mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus, anayepatikana pia katika miamba ya Tanzania na Kenya, huwa mtulivu akiwa na sentimita 2 na dhalimu akifikia 10. Wanaouza samaki hawa kwa wanaoanza, kwa hoja kwamba ni wagumu kufa, husema kweli nusu: ni wagumu kufa, na ndiyo maana wanaokufa ni wenzao.

Kundi jingine la kudanganya ni la kangaja. Acanthurus triostegus, kangaja mwenye milia myeusi, huungana kwa mamia ili kuvamia viunga vya mwani vinavyolindwa na samaki wengine; mlinzi humfukuza mmoja, lakini hawezi kuwafukuza mia, na wakati anahangaika wengine wanakula. Msafara wa namna hiyo ni jeshi la muda. Kangaja buluu mwenye kifua cheupe, Acanthurus leucosternon, fahari ya Bahari ya Hindi, naye huonekana katika makundi makubwa yanayokula pamoja, na picha za makundi hayo zimewashawishi wengi kununua wawili au watatu kwa pamoja. Kila kangaja ana kisu chenye makali kando ya shina la mkia, na tangini, ambamo mwani wote ni wa kiunga kimoja, kila mmoja hujiona ndiye mwenye kiunga. Mmoja anatosha, na hata huyo mmoja anahitaji tangi la mita mbili, kwani ni mwogeleaji wa mbali na hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe.

Wenye matangi makubwa sana wanaye mgombea mwingine, kitatange mwenye bendera, ambaye pezi lake la mgongoni hurefuka kuwa utepe mweupe. Hapa kosa hutokea kwa sababu ya sura. Aina mbili zinafanana mno: Heniochus diphreutes, anayeishi kwa makundi maisha yote akila planktoni, na Heniochus acuminatus, ambaye akikomaa hukaa peke yake au na mwenza, na huwavumilia wenzake kwa shida. Kwa kawaida wa kwanza ana miiba 12 kwenye pezi la mgongoni na wa pili ana 11, jambo ambalo ni vigumu kulihesabu kwa samaki anayeogelea. Pua fupi zaidi ya diphreutes na kifua chake kilichofura kidogo husaidia. Asiyeweza kuwatofautisha aombe picha ya pembeni na aitazame kwa utulivu kabla ya kutoa fedha.

Aina ikishachaguliwa, namna ya kuwaingiza tangini huamua kama uchaguzi huo utazaa matunda. Samaki wa kundi hupaswa kuingia kwa pamoja, kwa kuwa anayetangulia kwa mwezi mmoja huwa mwenye nyumba, na anayemfuata huwa mvamizi. Lakini samaki kumi wakiingia kwa siku moja hutoa amonia ya samaki kumi kwa siku hiyohiyo. Amonia ni sumu itokayo kwenye matamvua na kinyesi, na huondolewa na bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti kisha nitreti. Bakteria hao huongezeka polepole kulingana na chakula wanachopata, na tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kuwa nao wa kutosha. Masharti haya mawili yanapingana, na njia ya kuyapatanisha ni kuwalisha bakteria kabla samaki hawajafika, kwa kutia amonia safi kidogo kidogo hadi tangi liweze kuimaliza yote kwa siku moja, bila nitraiti kubaki.

Karantini nayo ni ya lazima zaidi kwa kundi kuliko kwa samaki mmoja. Ugonjwa wa madoa meupe huletwa na Cryptocaryon irritans, kimelea anayejichimbia kwenye ngozi kwa siku chache, akadondoka, akajifunga ndani ya gamba gumu sakafuni, kisha akatoa mamia ya wachanga wanaotafuta samaki wa kumshika. Katika bahari wengi wa wachanga hao hupotea; katika tangi lenye samaki kumi waliokaa karibu karibu, karibu kila mmoja wao hupata pa kushika. Wiki nne hadi sita katika chombo tofauti, chenye maji ya nyuzi 25 hadi 27 na chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita, huwapa vimelea muda wa kujionyesha na samaki dhaifu muda wa kula bila kushindana. Kundi lote likae pamoja humo ili ngazi yao ianze kujengwa mahali ambapo mfugaji anaona kila kona. Mabomba mafupi ya plastiki yakitawanywa sakafuni hutosha kuwa maficho.

Kuhusu majirani, jambo la kwanza ni kinywa. Chewa hummeza samaki yeyote anayeingia kinywani mwake, na kwa kuwa chewa hukua, samaki aliyekuwa salama mwezi huu huweza kuwa chakula mwaka ujao. Jambo la pili ni mwendo wa kula. Anthia na kromisi ni wepesi kiasi kwamba farasi-bahari na samaki wengine wanaonyemelea chakula taratibu hufa njaa wakiwa nao, ingawa hakuna hata mmoja aliyewagusa. Jambo la tatu, ambalo husahaulika, ni nafasi wanayoitumia ndani ya maji: anthia hukaa kwenye mkondo wa juu, kadinali kwenye kivuli cha kati, tasi na wengine wa mwani juu ya mawe, na wote hao huweza kuishi pamoja kwa sababu hawatafuti mahali pamoja. Makundi mawili ya safu moja, kwa mfano kromisi na anthia katika tangi la lita 500, hubanana juu na kugombania chembe zilezile za uduvi, na kwa kawaida anthia wa kike wadogo ndio huanza kukonda. Ishara ya kwanza ni mgongo unaochongoka nyuma ya kichwa. Mfugaji akiiona, amtenge samaki huyo siku hiyohiyo na kumlisha peke yake, kwani samaki wa planktoni akishapoteza nyama ya mgongo mara nyingi harudi katika hali yake hata akishiba.